Akili Nyingi na Swali la Mpemba

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu wa sayansi kutoka Iringa na Mbeya,

Nimeombwa nizungumzie kama kuwa na akili nyingi kupita kawaida ni faida kweli. Ninavyoona mimi, ni faida, lakini mwenye akili haipati peke yake. Sehemu kubwa ya faida hiyo iko kwa watu wanaomsikiliza, na katika shule zetu watu hao ni sisi.

Tusianze kwa kuidharau akili inayopimika. Mwaka 1932 Scotland iliwapa mtihani mmoja wa akili karibu watoto wake wote waliozaliwa 1921, zaidi ya 87,000. Watafiti walipowafuatilia miongo mingi baadaye, waliona kwamba waliopata alama za juu utotoni walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufikia uzee. Hilo si jambo dogo. Lakini Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford naye, kuanzia 1921, aliwakusanya watoto zaidi ya 1,500 wa California waliopata alama za juu mno, na utafiti huo ukawafuata maisha yao yote. Wengi walisoma, wakapata kazi nzuri. Tuzo ya Nobel hakuipata hata mmoja. Wavulana wawili waliopimwa wakaachwa kwa kutofikia alama, William Shockley na Luis Alvarez, waliipata ya fizikia, mmoja 1956 na mwingine 1968.

Kisa ninachotaka tukikalie zaidi ni cha kwetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu shule ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friza. Siku moja nafasi ilikuwa inakwisha. Mwenzake aliweka maziwa yake bila kuyachemsha, na Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akaweka yake yangali ya moto. Waliporudi baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado. Alimuuliza mwalimu sababu, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa.

Baadaye alikutana na rafiki aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, akaambiwa kwamba huko huweka mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande upesi. Kwa maneno mengine, jambo lililomletea kijana aibu darasani lilikuwa ujuzi wa kazi wa kila siku kwa wauza aiskrimu. Hakuna aliyewahi kuukutanisha ujuzi huo na kitabu cha fizikia.

Alipokuja shule ya Mkwawa, hapa Iringa, kwa kidato cha tano, wakafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Akauliza tena. Safari hii alijibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na tangu hapo kila alipokosea hesabu wenzake waliita kosa hilo hisabati ya Mpemba. Hakunyamaza. Aliingia maabara ya baiolojia, akachukua bika mbili, akajaribu mwenyewe kwa maji. Kisha akafika mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dkt. Denis Osborne, kutoa mhadhara wa fizikia. Mpemba akasimama na kuuliza kwa nini maji ya nyuzi 100 yagande kabla ya maji ya nyuzi 35 yaliyo sawa nayo kwa ujazo. Wenzake waliona amewaaibisha. Osborne alimwomba arudie swali, akaahidi kulijaribu.

Hapo ndipo penye somo letu. Osborne hakuamini jambo lile. Alidhani kijana amekosea. Lakini aliporudi Dar es Salaam alimpa fundi wa maabara kazi ya kulijaribu. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Majaribio yaliyofuata yakawa na matokeo yale yale, na mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Jina la Mpemba likaingia katika fizikia, ingawa mwenyewe alisomea wanyamapori katika chuo cha Mweka na kufanya kazi ya maliasili.

Mjadala wenyewe haujafungwa. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walirudia vipimo Uingereza, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, huko Canada, wakaonyesha jambo la namna hiyo kwa chembe ndogo sana zilizo ndani ya maji. Kuhusu sababu, wengine wanataja maji yanayopungua kwa kugeuka mvuke, wengine mzunguko wa maji ndani ya chombo, wengine hewa iliyoyeyuka. Mwanafunzi wa kidato cha tano aliuliza jambo linalowashughulisha wanafizikia zaidi ya nusu karne baadaye. Je, alikuwa na akili za ajabu? Alikuwa na macho yaliyoona na moyo wa kuuliza tena baada ya kuchekwa, na mtihani wa akili haupimi hayo.

Wenzangu wa Mbeya mna mfano wenu. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua kipunji, tumbili mwenye haya wa misitu ya mlima Rungwe, tangu zamani. Wanasayansi walipowasikia wazee wakimtaja, walishuku kwamba huenda ni mnyama wa hadithi tu. Mwaka 2003 walimwona kwa macho, 2005 akaelezwa rasmi, na 2006 ikabainika ni jenasi mpya, ya kwanza kwa nyani na tumbili wa Afrika tangu 1923. Kundi jingine lilionekana 2004 katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa. Nao wawindaji wale, hakuna mtihani ambao ungewaita wenye vipaji.

Mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake waliona jambo la karibu na hilo huko Usenge, magharibi mwa Kenya. Watoto waliozijua vizuri dawa za mitishamba mara nyingi ndio waliopata alama ndogo katika mitihani ya mtindo wa shule. Na katika utafiti mwingine, uliofanywa kwetu karibu na Bagamoyo, watoto waliofundishwa kidogo kati ya mtihani wa kwanza na wa pili walipanda alama, na alama hizo mpya zikafichua uwezo ambao mtihani wa kwanza haukuuona.

Tunawapeleka watoto wetu shule za vipaji za Mzumbe, Kibaha na Ilboru kwa alama, na sina ugomvi na hilo. Ninachoomba ni kwa wale wanaobaki mikononi mwetu, ambao ndio wengi. Mkwawa tangu 2005 ni chuo kikuu kishiriki cha elimu. Mahali Mpemba alipochekwa ndipo walimu wanapofundwa sasa. Napendekeza semina hii ikubaliane juu ya jambo moja: kila maabara ya shule zetu iwe na daftari la maswali, mwanafunzi aandike alichokiona na jina lake, na mwalimu asiandike jibu kabla ya swali kujaribiwa. Bika mbili, kipimajoto na saa vinatosha kuanzia, na mwisho wa muhula tukutane na madaftari hayo mkononi.