Kengele Husikika Mbali, Fundi Hasikiki: Funzo Kutoka Wilaya ya Etah, India

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za miradi za sharika na wafadhili



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi za mikono kama njia ya kuinua kipato cha watu wa vijijini. Wengi wetu tunaamini kwamba penye ufundi umaskini hauwezi kukaa. Tunasema: wafundishe watu kazi, watafutie soko, watajikwamua wenyewe. Naomba leo tuipime imani hiyo. Tuangalie mahali ambapo ufundi upo tayari, tena wa kurithi. Soko lipo, na sifa ipo. Lakini umaskini nao umekaa hapo hapo. Mahali penyewe ni Wilaya ya Etah, katika Jimbo la Uttar Pradesh, kaskazini mwa India.

Wilaya ya wakulima, mji wa kengele

Etah iko kwenye tambarare iliyo kati ya mito miwili mikubwa, Ganga na Yamuna. Watu wake wengi ni wakulima wa ngano, mpunga na mahindi. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu huko watu karibu milioni 1.77. Mwaka 2006 Serikali ya India iliitaja Etah miongoni mwa wilaya 250 zilizo nyuma zaidi kimaendeleo nchini, na ikaiingiza katika mfuko maalumu wa kusaidia maeneo ya namna hiyo. Mfuko huo Serikali Kuu iliacha kuuchangia mwaka 2015.

Ndani ya wilaya hiyo upo mji mdogo uitwao Jalesar, si mbali sana na Agra, mji wenye jengo maarufu la Taj Mahal. Jalesar ni mji wa shaba ya manjano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Mafundi wake husubu kengele kubwa za mahekalu, kengele ndogo za mkononi za ibada ya nyumbani, na njuga, ambazo wao huziita ghungroo.

Msidhani kwamba bidhaa hizi hazina wateja. Mhindu anapoingia hekaluni hugonga kengele kwanza. Nyumba nyingi zina kengele yake pembeni pa sehemu ya sala. Mcheza ngoma ya Kathak hufunga njuga mia moja au zaidi katika kila mguu, na hata ng'ombe huvalishwa kengele shingoni. Kwa hiyo hapa hatuzungumzii urembo wa kuwauzia watalii. Ni bidhaa inayotumiwa na wananchi wenyewe kila siku.

Jinsi kengele inavyozaliwa

Ili tuelewe hesabu ya fedha, ni lazima kwanza tuielewe kazi.

Fundi huanza na kielelezo cha kengele. Hukizungushia mchanga laini ulioshikamanishwa vizuri, kisha hukitoa, na mchanga ukabaki na umbo lake. Hiyo ndiyo kalibu. Ndani yake huweka kiini cha mchanga ili kengele iwe na uwazi. Shaba huyeyushwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 900 za Selsiasi na zaidi, halafu humiminwa katika nafasi iliyobaki kati ya kalibu na kiini. Ikipoa, kalibu huvunjwa, kengele hupigwa tupa, hung'arishwa, na mwisho hutiwa ulimi.

Kwa njuga ya kusubu ipo hila ya kupendeza. Kipande kidogo cha chuma huzikwa ndani ya kiini cha mchanga kabla ya shaba kumiminwa. Njuga ikishapoa, mchanga hutolewa kupitia ufa mwembamba ulioachwa chini. Mchanga unatoka, lakini kile chuma hakipiti. Hubaki ndani kikilia maisha yake yote.

Kazi hii haina msamaha. Kiputo cha hewa kikibaki ndani ya shaba, au ufa mdogo ukitokea wakati wa kupoa, kengele haitoi sauti safi. Hapo hakuna kuziba kiraka. Huvunjwa na kurudishwa tanurini, na mkaa na nguvu za siku hiyo zimepotea.

Kipimo cha juu cha ufundi huo kilionekana mwaka 2020, wakati mafundi wa Jalesar walipomaliza kengele ya kilo 2,100 kwa ajili ya hekalu jipya la Ayodhya. Ilisubiwa ikiwa kipande kimoja bila maungio, kwa mchanganyiko wa metali nane: dhahabu, fedha, shaba, zinki, risasi, bati, chuma na zebaki. Walioifanya kazi hiyo walikuwa mafundi wapatao 25, Wahindu na Waislamu pamoja. Aliyechora umbo la kengele na kuing'arisha alikuwa Mwislamu. Tukumbuke kwamba mahali penyewe paligombewa na jumuiya hizo mbili kwa miaka mingi, msikiti uliokuwapo ukabomolewa mwaka 1992, na kesi ikaamuliwa na mahakama mwaka 2019. Nchi iligawanyika juu ya mahali kengele inakokwenda, lakini karakana iliyoitengeneza haikugawanyika.

Mwenye metali ndiye mwenye kengele

Sasa tuje kwenye fedha, maana ndiko kwenye kiini cha mazungumzo yetu.

Katika kazi ya shaba ya Uttar Pradesh, mpango uliozoeleka ni huu: mfanyabiashara hutoa metali, fundi hutoa mikono yake, naye hulipwa kwa kilo au kwa kipande. Kengele ikitoka karakanani si mali ya fundi. Ilikuwa mali ya mtu mwingine tangu ilipokuwa shaba chakavu.

Kwa nini fundi asinunue metali yake mwenyewe? Kwa sababu metali ndiyo sehemu kubwa ya gharama, na bei yake haipangwi Jalesar. Bei ya shaba hufuata Soko la Metali la London. Mwezi Machi 2020 tani moja ya shaba ilishuka hadi chini ya dola 5,000 za Marekani. Mwezi Mei 2021 ilivuka dola 10,000. Hebu tufanye hesabu. Kilo 100 za shaba ya manjano zinaweza kuwa na kilo 65 za shaba halisi. Kwa bei hizo za London, shaba hiyo peke yake ilipanda kutoka karibu dola 300 hadi karibu dola 680, katika muda wa miezi kumi na minne tu. Fundi hakubadilisha chochote katika kazi yake, lakini mtaji aliohitaji ulizidi mara mbili.

Angalieni pia jinsi mambo yalivyogongana. Metali ilikuwa rahisi mwanzoni mwa mwaka 2020. Lakini ndio wakati India ilipofunga shughuli zake zote kwa sababu ya korona, kuanzia tarehe 25 Machi. Mahekalu yalifungwa, na anayelipwa kwa kipande hakuwa na kipande cha kulipwa. Mwenye akiba angeweza kununua metali na kuiweka ghalani. Asiye na akiba aliula mtaji wake, na kazi iliporudi alikuta metali imepanda. Misukosuko ya namna hii ndiyo inayomfanya fundi aliyekuwa akijitegemea awe kibarua wa mwenzake.

Tuna methali yetu kwamba mchumia juani hulia kivulini. Kwa kengele za Etah imepinduliwa: mmoja anachumia tanurini, na kivulini anakula mwingine.

Moshi na kifua cha fundi

Ipo gharama nyingine ambayo haiandikwi katika daftari la mauzo. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, karibu sawa na joto la kuyeyushia shaba ya manjano. Kwa hiyo kila tanuri linapofunguliwa, sehemu ya zinki huondoka kama moshi mweupe. Anayeuvuta kwa wingi hupatwa jioni na homa, baridi, kiu na maumivu ya mwili. Madaktari wanaijua homa hii ya wasubu shaba tangu zamani. Vumbi laini la mchanga nalo, likivutwa kwa miaka, huharibu mapafu. Na shaba chakavu mara nyingi ina risasi ndani yake, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Pale ambapo karakana na nyumba ni kitu kimoja, wanaovuta hewa hiyo ni familia nzima.

Moshi wa eneo hilo umewahi kufikishwa mahakamani, ila si kwa ajili ya kifua cha fundi. Tarehe 30 Desemba 1996 Mahakama ya Juu ya India iliamuru viwanda 292 vilivyotajwa katika ukanda unaoizunguka Taj Mahal viache makaa ya mawe, vitumie gesi asilia au vihame, ili marumaru ya jengo lile yasiharibike. Ukanda huo una ukubwa wa kilometa za mraba 10,400, na eneo la Jalesar limo ndani yake. Nia ya kulinda hewa ni njema, na faida yake ni ya wote. Lakini tujiulize: kubadilisha tanuri ni gharama, na nani anaibeba? Mwenye kiwanda kikubwa anaweza kukopa benki. Mwenye tanuri dogo nyuma ya nyumba, tena anayesubu metali ya mtu mwingine, ataweka rehani nini?

Jina zuri na mfuko mtupu

Siwezi kusema kwamba hakuna kilichofanyika. Mwezi Januari 2018 Serikali ya Jimbo ilianzisha mpango wa wilaya moja, bidhaa moja, kwa wilaya zake zote 75. Etah iliwekewa njuga, kengele na vyombo vya shaba. Mpango huo una mafunzo, mikopo na maonyesho ya biashara. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 kazi ya metali ya Jalesar ikapata pia hati ya kisheria ya kulinda jina la mahali bidhaa inakotoka, ili kengele iliyotengenezwa kwingine isiuzwe kwa jina la Jalesar.

Hizi ni hatua nzuri. Lakini hati hulinda jina la kengele, wala haimgawii fundi bei yake. Faida ya jina huchumwa na yule anayeuza bidhaa kwa jina hilo. Fundi anayelipwa kwa kilo hauzi kitu chochote. Anauza siku yake tu. Jina likipanda thamani, na yeye akiwa bado hana metali wala mteja wake mwenyewe, ongezeko hilo litaishia kwa mwenye duka.

Wakati huo huo ushindani hausubiri. Yapo mahekalu yaliyofunga mashine za umeme zinazogonga kengele na ngoma zenyewe. Zipo bidhaa nyepesi za kiwandani zinazong'aa kama shaba na bei yake ni ndogo. Kijana wa Jalesar akimwona baba yake anakohoa na mfukoni hana kitu, hatahitaji mtu wa kumshawishi aende mjini.

Maswali manne kwa kamati zetu

Ndugu zangu, nimewapeleka mbali ili mrudi na kitu mkononi. Ombi la mradi wa kazi za mikono likiletwa mezani, liwe la ushonaji, useremala, ufinyanzi au uhunzi, naomba kamati iulize maswali haya kabla haijauliza idadi ya cherehani.

Kwanza, malighafi ni ya nani? Kikundi kikikopeshwa malighafi na yule yule atakayenunua bidhaa, basi tumewatafutia ajira ya vibarua, hata kama katika ripoti tutawaita wajasiriamali. Fedha ya kwanza ya mradi ingefaa iwe mfuko wa malighafi, unaozunguka na kusimamiwa na wanakikundi wenyewe.

Pili, bei ya malighafi ikipanda maradufu, kikundi kitasimamaje? Akiba ya kuweka na kukopa isiishie kwenye ada za shule na misiba. Sehemu yake itengwe kwa kununulia malighafi wakati ni rahisi.

Tatu, mwili wa fundi unalipia nini? Bomba la kutolea moshi, dirisha kubwa na barakoa ni sehemu ya bajeti, wala si nyongeza ya kukatwa fedha zikipungua. Na watoto wasilale karakanani.

Nne, nani anamjua mnunuzi wa mwisho? Kikundi ambacho hakijapata kuzungumza na mteja wake hakiwezi kujua bei ya jasho lake.

Nanyi wafadhili wetu, ambao tunawashukuru sana, nawaomba mtuvumilie tukiwaandikia kwamba mwaka wa kwanza fedha ilinunua malighafi na kujenga madirisha. Picha yake haipendezi kama ya hafla ya kukabidhi vyeti. Lakini wilaya iliyosubu kengele ya kilo 2,100 haikukosa ustadi wala vyeti. Pengo lake lilikuwa kwingine, na tukipima kwa kuangalia mafunzo peke yake hatutaliona.