Uamuzi Usogezwe Karibu na Kazi



Mwaka 1970 Kitivo cha Kilimo, Morogoro, kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tarehe 1 Julai 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, chenye baraza lake. Uamuzi ukasogea karibu na shamba.

Mimi nimewahi kutumikia mkuu aliyeshika kila faili. Akisafiri, kazi ililala. Sisi wa Bariadi twajua: palizi ya pamba haimngoji mtu arudi safari.

Basi, wanafunzi, mkimchagua kiranja, mpeni kazi pamoja na uwezo wa kuamua. Kisha mdaini hesabu. Nasi wenye vyeo tuanze kesho ofisini.