Ekseli ya Nyuma na Daftari la Gari

Hotuba ya Katibu katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama, Bagamoyo



Wenzangu wamekwisha kueleza habari za mauzo, mikopo na ghala. Mimi nimeomba ruhusa niseme juu ya kitu ambacho pengine hakuna mgeni aliyekitazama: ekseli ya nyuma ya gari letu la dizeli. Msinicheke, maana kitu hicho kilitutia hasara, na hasara ile ilianzia mezani kwangu.

Zamani mji wetu wa Bagamoyo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka bara. Mizigo ilikuja mabegani mwa wapagazi, na mpagazi aliyechoka alijulikana, kwa kuwa alitweta na kutua mzigo. Siku hizi mananasi ya Kiwangwa na korosho za mashamba yetu hulala juu ya chuma kilichofichwa chini ya bodi. Chuma hakitweti. Hunung'unika kidogo tu, na asiyesikia hulipa.

Katika mwaka wetu wa tatu tulinunua Land Rover kuukuu ya 109, ya dizeli. Siku moja mzee wetu dereva alikuja ofisini na barua. Aliomba fedha za sili mbili na mafuta ya gia, kwa sababu gurudumu la nyuma lilikuwa likivuja. Mimi niliandika chini ya barua ile: "Ingoje msimu uishe." Nilidhani ninaokoa fedha za wanachama.

Mvua za vuli zikanyesha. Gari likavuka mto uliofurika, limejaa mzigo. Baada ya siku chache nyuma kukaanza kulia. Fundi alipofungua difu, mafuta yalitoka meupe kama tui la nazi. Lakini msimu ulikuwa umepamba moto, nasi tukaliondoa gari vivyo hivyo. Likakatika meno njiani, na mananasi yakaozea shambani. Mama mmoja, mjane, alinijia akaniuliza kwa upole: "Katibu, mwanangu, mananasi yangu ni bei ya sili ngapi?" Sikuwa na jibu, wala sinalo hata leo.

Mabibi na mabwana, nieleze basi niliyofundishwa na hasara hiyo. Nguvu ya injini hupita katika propela shafti, huingia katika difu, na difu huigawa kwa shafti mbili, moja kila upande. Safari ikiwa ndefu, kasha la ekseli hupata moto na hewa iliyomo hupanuka. Likitumbukia ghafula katika maji ya baridi, hewa ile husinyaa na kuvuta. Juu ya kasha pana tundu dogo la kupumulia. Likizibwa na matope, ekseli huvuta maji kupitia katika sili zilizochakaa, na maji yakichanganyika na mafuta, beringi na meno hayadumu. Kwa sisi wa pwani hatari ni kubwa zaidi, kwa maana magari yetu hupita pia penye maji ya chumvi, na chumvi hula chuma usiku na mchana.

Dawa yake ni rahisi. Tundu lisafishwe, au livikwe mpira mwembamba ulioinuliwa hadi juu ya bodi. Gari lisimamishwe mahali palipo sawa, nati ya kujazia ifunguliwe, na mafuta yafike kwenye ukingo wa tundu lile. Kila baada ya kuvuka maji mengi, mafuta yatazamwe. Yakiwa meupe, yamwagwe siku hiyohiyo, wala yasingoje msimu. Yanapomwagwa, fundi ayapapase kwa vidole: vumbi laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vya chuma ni onyo. Ndani ya gurudumu kukionekana mafuta, sili imekufa, na breki nayo i hatarini.

Sasa nije kwenye kosa la pili, ambalo pia lilikuwa langu. Kwa haraka ya kulirudisha gari barabarani, tulikwenda Gerezani, Dar es Salaam, tukanunua ekseli iliyotumika, ya Land Rover ya 110. Kwa macho ilifanana na yetu. Lakini 109 hukaa juu ya springi za majani, na 110 juu ya springi za koili, hata fundi akalazimika kuchomelea vikalio vipya. Ubaya zaidi ulikuwa ndani. Katika 109, propela shafti huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara 1. Katika 110 huzunguka mara 3.54. Dereva alipotia gia ya magurudumu manne ili atoke matopeni, mbele na nyuma zikashindana. Alipofika penye udongo mgumu, shafti ya mbele ikavunjika.

Ndugu zangu, hesabu hiyo mtu aweza kuifanya kabla ya kutoa senti moja. Zuia upande mmoja wa ekseli usizunguke, zungusha gurudumu la upande wa pili mara 2 kamili, na uhesabu propela shafti imezunguka mara ngapi. Idadi utakayopata ndiyo uwiano wa difu, nayo lazima ilingane na ya mbele. Ekseli iliyotufaa mwishowe ni ile imara ya Salisbury, ambayo 109 zilifungiwa tangu mwaka 1972, yenye uwiano wa 4.7 na vikalio vya springi za majani.

Fundi naye asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Aweke magogo imara na azuie magurudumu ya mbele. Akimaliza, atoe hewa katika breki, na bolti za springi zikazwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa na daftari la kila gunia, lakini gari lililobeba magunia hayo halikuwa na hata ukurasa mmoja. Kwa hiyo naiomba Halmashauri mambo mawili. Kwanza, kila gari la chama liwe na daftari lake, liandikwe tarehe ya mafuta, sili na beringi, na lisomwe mbele ya wanachama katika mkutano wa mwaka. Pili, dereva akiandika kwamba gari linavuja, Katibu asiwe na mamlaka ya kukataa peke yake. Nasema hivyo nikijua kwamba Katibu mwenyewe ndimi.

Mama yule yumo humu ukumbini, na bado ni mwanachama. Kukaa kwake nasi ni sifa kwa chama, bali kwangu mimi ni deni. Naomba miaka 10 ijayo tuilipe.