GANZI YA MIGUU NA KHOFU YA MARADHI YA SIRI

(Mazungumzo ya Ofisa Habari wa Wizara kwa wafanyakazi wa Serikali na wananchi)





Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo ambalo wengi huona haya kulitaja, nalo ni malengelenge ya sehemu za siri, maradhi yanayoletwa na virusi vya hepesi na kuambukizwa kwa kujamiiana. Wako watu ambao, wakihisi miguu inachomachoma kama kwa sindano au inatambaliwa na sisimizi, hushikwa na wahka kwamba wameshapata maradhi hayo. Je, khofu hiyo ina msingi?

Msingi upo, lakini ni mdogo. Virusi hivyo vikishaingia mwilini havitoki. Hujificha katika mishipa ya fahamu iliyo chini ya uti wa mgongo, na mishipa ya eneo hilo ndiyo inayokwenda sehemu za siri, makalio na miguu. Kwa hiyo baadhi ya wagonjwa huhisi mchomo katika makalio, mapaja au miguu kabla ya malengelenge kuchomoza. Malengelenge hayo hupasuka yakawa vidonda vyenye maumivu. Lakini mchomo wa miguu peke yake, usiofuatwa na vidonda, si ushahidi wa maradhi haya.

Zipo sababu nyingine nyingi. Kisukari huharibu mishipa ya fahamu, na mara nyingi huanzia nyayo za miguu yote miwili. Upungufu wa vitamini B12, ulevi, ukoma, na mshipa uliobanwa mgongoni huleta hali kama hiyo. Hata dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi huweza kuileta, na daktari huongeza vitamini B6 kuizuia.

Tuchukue mfano wa mtumishi ambaye nyayo zake zinawaka moto kila usiku. Anaona haya kwenda kituo cha afya, akichelea kuulizwa mambo ya faragha. Miezi inapita, kumbe ana kisukari. Siku moja anakanyaga msumari asiuhisi, na kidonda kinaoza. Mtu huyo hakudhuriwa na maradhi aliyoyaogopa, bali na yale aliyoyafichia aibu. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi mwenye ganzi isiyokwisha na aende akapimwe sukari na kuchunguzwa. Mwenye vidonda sehemu za siri aende mapema, vidonda vikiwa vibichi, ili daktari aweze kuchukua majimaji na kuyapima. Dawa kama asiklovia haviondoi virusi, lakini hupunguza makali na marudio. Mwenye vidonda, au anayehisi dalili za kutangulia, ajiepushe na kujamiiana. Na mama mjamzito amjuulishe mkunga, kwani mtoto huweza kuambukizwa wakati wa kuzaliwa. Ama anayepatwa ghafla na udhaifu wa miguu, ganzi baina ya mapaja, au kushindwa kukojoa, akimbizwe hospitali bila ya kuchelewa.

Neno langu la mwisho ni kwa wanandoa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 846 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na maambukizo haya, na walio wengi hawana dalili au dalili zao ni hafifu. Mtu huweza kukaa nayo miaka mingi, tangu kabla ya ndoa, bila ya kujua. Kwa hiyo kidonda kilichotokea leo si hoja ya kumtuhumu mwenzako kwamba alikukhini jana. Msivunje nyumba kwa dhana. Nendeni kwa daktari pamoja.

Dini yetu imetuhimiza kutafuta tiba, na kutafuta tiba si fedheha.