Barabara ya Mtaa Ina Mwenyewe

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia na wafadhili)



Nimeombwa niseme juu ya barabara, kwa kuwa ombi la fedha za kununua kifusi cha barabara ya mtaa ni ombi tunalolisikia mara kwa mara. Linaeleweka. Masika yakianza, bodaboda haifiki zahanati, na gunia la mahindi hupandishiwa nauli. Hata hivyo, mimi siungi mkono msaada huo, na naomba mnivumilie nieleze sababu.

Kwanza tujue barabara ni ya nani. Hapa Tanzania barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Hizi nyingine, za wilaya, vijiji na mitaa, zilikuwa zikisimamiwa na halmashauri zenyewe kupitia wahandisi wao. Tangu mwaka 2017 kazi hiyo iko kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, chini ya TAMISEMI. Wapo ambao hadi leo hupeleka barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, wakaambiwa waende TARURA, wakaona wamefukuzwa. Hawakufukuzwa. Fedha nyingi za barabara hazipiti tena kwake.

Fedha zenyewe hutoka zaidi katika Mfuko wa Barabara, na Mfuko hujazwa na tozo ya mafuta. Kwa hiyo kijana wa bodaboda anayenunua lita moja amekwisha kuchangia. Kwa miaka mingi mgawo ulikuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, na 30 kwa hizi za kwetu. Sasa pimeni wenyewe: mtandao wa TARURA unazidi kilomita 140,000, na ule wa TANROADS haufiki 40,000. Bajeti ya mwaka 2021/22 iliongeza shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Imesaidia, lakini sehemu kubwa ya barabara hizo bado ni za udongo.

Na barabara ya udongo haiuawi na magari, inauawa na maji. Ikichongwa vizuri huwa na mgongo katikati, maji yateremke pande zote mbili hadi mtaroni, na mtaro uyatoe nje kabla hayajapata nguvu. Mtaro ukijaa mchanga na takataka, maji hupanda na kutembea katikati ya barabara. Mvua chache tu, korongo limekwisha kuanza. Kalavati lililozibwa na matawi hufanya vivyo hivyo, na hapo maji hula udongo wa pembeni mpaka kalavati linabaki peke yake kama meza.

Ndiyo maana nakataa kifusi. Kikimwagwa bila mtaro na bila kushindiliwa, mvua hukibeba na kukiingiza katika ule mtaro uliokuwa umebaki, kisha maji huingia nyumbani kwa watu. Fedha ya mfadhili imekwenda, na jirani aliye bondeni ana hasara mpya. Aidha, barabara ni mali ya umma. Hata kwa nia njema, haifai kuichimba wala kuijaza bila mhandisi kujua.

Sasa kamati ifanye nini? Wakati ndio jambo kubwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na Bunge hujadili bajeti kati ya Aprili na Juni. Anayelalamika mwezi Mei, matope yakiwa magotini, amechelewa kwa mwaka unaofuata. Suala lipelekwe kwenye mkutano wa mtaa au kijiji mapema, liandikwe katika muhtasari, lifike kwa diwani na nakala kwa meneja wa TARURA wa wilaya. Barua itaje mahali hasa. “Barabara yetu ni mbovu” haimsaidii mhandisi. “Kalavati la pili baada ya shule limeziba, maji yamekata upande wa kushoto” inamsaidia, maana matengenezo ya sehemu korofi hupangwa kwa sehemu. Fedha zikipitishwa, ulizeni mkandarasi ni nani na anatakiwa kufanya nini, halafu mwende mkaangalie.

Kwa vikundi vya akina mama na vijana walio katika parokia zetu, ipo nafasi nyingine. Sheria ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na kufyeka nyasi au kuzibua mitaro ni kazi wanayoiweza. Lakini kikundi lazima kiwe kimesajiliwa, kiwe na akaunti ya benki, na kijiandikishe katika mfumo wa zabuni wa serikali, NeST. Hapo ndipo wengi hukwama, wala si kwenye jembe.

Ndugu wafadhili, mkitaka kusaidia barabara, saidieni hapo: gharama za usajili, mtu wa kuwafundisha kujaza zabuni, na matoroli, sururu na mabuti ya kuanzia kazi.