Mdudu Rafiki wa Mkulima
Hotuba ya Katibu kwa Wanachama



Katika miaka hii kumi tumezungumza sana habari za bei na mizani. Leo naomba ruhusa yenu niseme habari za nzi weupe, wanaofyonza nyanya zetu na kueneza batobato katika mihogo.

Mwaka 1926, huko Elstree, Uingereza, mkulima mmoja wa nyanya aliona kwamba baadhi ya watoto wa nzi hao, walioganda chini ya majani, wamegeuka weusi. Hakupuuza, aliwaonyesha wataalamu. Ikajulikana kwamba ndani yao mlikuwamo nyigu, Encarsia formosa, asiyefikia urefu wa milimita 1, wala haumi mtu. Jike hutaga yai katika mtoto wa nzi. Funza humla mwenyeji wake, na baada ya majuma kama matatu, penye joto la kutosha, nyigu mpya hutoboa tundu akatoka. Katika miaka ya 1930 kituo cha Cheshunt kiligawa nyigu wapatao 1,500,000 kwa mwaka kwa wakulima wa nyumba za vioo.

Kisha zikaja dawa za viwandani, nyigu akasahauliwa. Lakini nzi walizizoea dawa, na katika miaka ya 1970 wakulima wa Ulaya wakamrudia nyigu.

Mashamba yetu ni ya wazi, si ya vioo. Hata hivyo, jamaa za nyigu huyo, Encarsia sophia na Eretmocerus mundus, wamo tayari katika mihogo ya Afrika Mashariki, nao hawadai ujira.

Hapa ndipo ushirika unapotakiwa. Nyigu hajui mpaka wa shamba. Mmoja wetu akipuliza dawa kali ovyo, huua nyigu wa jirani zake pia. Nao nzi, wazaanao upesi, hurudi bila adui. Kidole kimoja hakivunji chawa. Basi na tukubaliane: kabla ya kushika bomba, geuza jani utazame. Ukiona watoto wa nzi weusi, au maganda yenye tundu la duara, ngoja kwanza, ukamwulize bwana shamba. Tena tupande mbegu safi ya muhogo, maana nyigu hawezi kuuponya mmea uliokwisha kuugua.

Tumejifunza kulinda fedha zetu pamoja. Sasa yatupasa kuwalinda pamoja na watumishi hawa wadogo.