Kompyuta ikiharibika, mbona tunanunua nyingine?

Uzi wa leo ni maneno niliyosema kwenye kikao cha mjadala chuoni, nimeyapunguza kidogo tu. Kama kawaida, hapa hatutaji mtu wala chama.



Kila msimu wa siasa kuna mtu atapanda jukwaani aahidi kompyuta. Mpinzani wake atajibu kwamba hiyo ni tenda ya kula pesa. Watabishana juu ya bei mpaka muda uishe. Swali ambalo halisikiki ni moja: zile za mwisho ziko wapi?

Mnakumbuka ahadi ya laptopu za darasa la kwanza, 2013. Tenda ikakwama, mradi ukarudi 2016 ukiwa wa tableti, na vifaa zaidi ya milioni 1 vikafika shule za msingi za umma. Kusambaza tuliweza. Sasa kioo cha tableti kikipasuka shuleni huko Turkana, mwalimu afanye nini? Hana fungu la spea, fundi yuko mbali, na akimpa mtu wa sokoni aifungue, yeye ndiye atakayeulizwa maswali. Basi anaifungia kabatini. Mimi simlaumu hata kidogo.

Nyumbani hesabu ni tofauti. Laptopu za zamani ulifungua skrubu mbili, ukaongeza RAM, ukaendelea na maisha. Nyingi za siku hizi RAM imechomelewa kwenye bodi na betri imegandishwa kwa gundi. Fundi wa Luthuli bado anajua kazi yake, tena sana, ila akikutajia bei ya bodi nzima unaona heri uongeze kidogo uchukue nyingine, hata kama ni ya mtumba. Halafu kuna mashine ambazo hazijaharibika kabisa. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ambayo kompyuta nyingi za zamani hazina. Mashine inawaka vizuri, lakini ofisini inaambiwa imezeeka.

Sasa tuje serikalini, maana hapa ndipo pesa zetu zilipo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti, ya taifa na ya kaunti, iende kwa maendeleo. Kununua kompyuta elfu moja kunaweza kuandikwa kama mradi wa maendeleo. Kubadilisha betri ni matumizi ya kawaida, lile fungu ambalo kila mtu anaapa atalipunguza. Mnaona afisa anasukumwa upande gani? Na hata asiposukumwa na bajeti, siasa itamsukuma. Sijawahi kuona utepe ukikatwa kwa sababu kibodi imebadilishwa.

Kuitupa nayo si rahisi. Mali ya umma haitupwi hivi hivi, lazima ipitie kamati ya uondoaji mali, na kamati isipokaa, stoo inajaa. Kwa hivyo nzima hazipo, mbovu zimejaa, na kila mtu amefuata sheria!

Kuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayombebesha mtengenezaji na mwagizaji jukumu la bidhaa zao hata zikishakuwa taka. Ni hatua. Lakini inashughulika zaidi na kifaa kikishakufa, na fundi anahitaji spea na michoro kikiwa bado kinaugua. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kutengenezewa mwaka 2024. Simu na tableti zimo, laptopu hazikuwekwa kwenye orodha ya kwanza. Hata wao wanajikongoja.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kufikia Aprili 30, kisha umma unaitwa kutoa maoni. Ukienda, tafuta mstari wa kununua kompyuta, halafu tafuta wa kuzitengeneza. Usipouona wa pili, uliza kwa sauti, na uombe jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Haya, maswali.